Mama Mmoja wa Matoke Yote

Walungu, Kivu Kusini, nilikuwa mwalimu wa biolojia. Hapa Nakivale, makazi ya wakimbizi nchini Uganda, mimi ni mama wa matoke: nanunua mikungu kwa wakulima wa Isingiro, naipakia lorini hadi Mbarara, nawauzia wenye migahawa wa Kamukuzi. Wateja wangu hawasemi wanataka ndizi. Mmoja anataka Kibuzi, mwingine Enyeru, mwingine Enzirabahima. Nikithubutu kuwapelekea Entundu watairudisha yote, maana hiyo ni ya pombe na ina utomvu mchungu hadi ndani ya nyama.

Wanasayansi wa Ulaya walichelewa sana kuona tofauti hizi. Linnaeus aliiweka migomba katika jenasi ya Musa, na mwaka 1753 akaandika Musa paradisiaca, ndizi ya kupika. Mwaka 1759 akaongeza Musa sapientum, ya kula mbivu. Mgawanyo huo ulidumu karibu miaka mia mbili, ingawa ndizi zote mbili alizokuwa nazo zilikuwa machotara, na matoke ya huku Ankole hayakuwa na nafasi humo.

Mambo yalinyooka mwaka 1955, pale Simmonds na Shepherd, watafiti waliofanya kazi Trinidad, walipochukua migomba miwili ya mwituni, acuminata na balbisiana, wakaifanya vipimo vya migomba yote inayolimwa. Walichagua dalili 15 za kutazama kwa macho: madoa meusi ya shina, mfereji wa kikonyo cha jani kama uko wazi au umefunga, maganda ya ua kama yanajikunja yakifunguka, vijiyai ndani ya tunda kama vimepangwa safu mbili au nne. Kila dalili ilipewa alama, 1 ikielekea acuminata na 5 ikielekea balbisiana. Jumla ya 15 ni acuminata tupu. 75 ni balbisiana tupu. Naupenda mpango huu kwa moyo wote, kwa sababu mwanafunzi wa kijijini anaweza kuufanya bila mashine yoyote, akisimama shambani na daftari. Matoke yetu yaliangukia upande wa acuminata: seti tatu za kromosomu, jumla 33, zote za A, yaani za acuminata. Ndiyo sababu kwa kawaida hayana mbegu. Mwaka 1957 Shepherd akayapa matoke kundi lao, Lujugira-Mutika.

Lakini kundi moja halimsaidii anayenunua mkungu. Aliyeingia ndani zaidi ni Mganda, Deborah Karamura, katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Reading mwaka 1998. Alipima migomba sehemu kwa sehemu, akatambua aina 84 na kuzipanga katika koo tano: Musakala, Nakabululu, Nakitembe, Nfuuka na Mbidde. Musakala ina vidole virefu vyenye ncha kama shingo ya chupa. Nakabululu ni fupi, nene, laini ikiiva. Mbidde ndiyo ya pombe, na Entundu imo humo. Mzee mmoja wa Isingiro, nilipomsomea orodha hiyo, aliitikia kwa kichwa kila jina: "Eeh mama, hizo tunazijua." Majina mengi Karamura aliyapokea kwa wakulima wenyewe, na nadhani hilo ndilo lililoipa kazi yake uzito.

Kisha vinasaba vikaitwa shahidi. Mwaka 2016 mtafiti Mercy Kitavi na wenzake walitangaza kwamba matoke haya yote, ya kupika na ya pombe, yanakaribia kuwa kitu kimoja: yametoka kwa mgomba mmoja wa kale, uliozaliwa na mbegu mara moja, kisha ukaenezwa kwa machipukizi tu. Alama za vinasaba walizotumia hazikuweza kutenganisha hata zile koo tano. Kwa hiyo kila tofauti aliyoipima Karamura ilizuka baadaye, chipukizi moja likibadilika kidogo shambani na mwenye shamba akiliona, akalitunza, akampa jirani. Kazi iliyofuata ya Kitavi ilitazama alama za kikemia zinazokaa juu ya vinasaba, zinazowasha na kuzima jeni bila kubadili herufi zake, na huko tofauti nyingi zilionekana.

Matoke ya jamii hii yanalimwa pia Rwanda, Burundi na kwetu Kivu. Nakivale ilipofunguliwa kwa ajili ya Wanyarwanda, watu hao walikuta milimani mwa Ankole mgomba uleule waliouacha nyumbani, na mimi pia niliukuta.

Kuna wanaosema basi, koo tano zifutwe, vinasaba vimeshaamua. Sikubali, na ushahidi ninao katika kazi ya uzalishaji. Watafiti wa Uganda walipotaka matoke yanayostahimili ugonjwa wa madoa meusi ya majani, walilazimika kupata migomba michache inayoweza kutoa mbegu ikipewa chavua ya acuminata wa mwituni. Aina nyingi hazikutoa kitu. Enzirabahima ilitoa. Mtafiti aliyezihesabu zote kuwa mgomba mmoja asingejua aanzie wapi. Aliyekuwa na majina ya wakulima alijua shamba gani la kwenda kuuliza.