Taa za ziada za gari: jinsi ya kuzifunga na swichi yake bila kuunguza nyaya

Kwa anayeendesha usiku kutoka Tinde kwenda Nzega au Kahama, taa za ziada si urembo. Barabara hiyo inabeba malori ya mizigo yanayotoka Dar es Salaam kwenda mpaka wa Rusumo, na humo humo wamo waendesha baiskeli wasio na taa, mikokoteni na ng'ombe. Ndiyo maana wenye Noah, Probox na pikapu hununua taa mbili dukani na kutaka ziwe na swichi yake.

Kazi hii si ngumu. Lakini ikifanywa vibaya huleta hatari mbili: moto ndani ya dashibodi, au dereva mwenzako kupofuka kwa mwanga wako.

Kwa nini swichi peke yake haitoshi

Chukua taa mbili za wati 55 kila moja. Jumla ni wati 110. Gawanya kwa volti 12 za betri, unapata ampea 9 na zaidi. Swichi nyingi ndogo za dashibodi haziwezi kubeba umeme huo kwa safari nzima. Hupata joto, plastiki hulainika, ganda la waya huyeyuka, na waya ukigusa bodi ni shoti.

Dawa yake ni rilei, kile kiboksi kidogo chenye sumaku ya umeme ndani. Swichi huipa rilei umeme kidogo tu, chini ya ampea moja. Sumaku ikivuta, umeme mkubwa hutoka betri moja kwa moja hadi kwenye taa bila kupita kwenye swichi.

Miguu ya rilei

Namba huandikwa kwenye rilei yenyewe:

- 30: umeme kutoka chanya ya betri, ukipitia fyuzi.
- 87: umeme unaokwenda kwenye taa.
- 85 na 86: ncha mbili za sumaku, ndizo zinazoongozwa na swichi.

Rilei ya miguu mitano huwa pia na 87a. Usifunge taa hapo, maana mguu huo una umeme wakati swichi imezimwa.

Hatua za kufunga

1. Toa kwanza terminali ya hasi ya betri.
2. Weka fyuzi ya ampea 15 karibu kabisa na betri. Fyuzi ikiwekwa mbali, kipande cha waya kilichotangulia hakina kinga.
3. Kwa waya wa umeme mkubwa tumia wa milimita 2.5 za mraba.
4. Hasi ya taa ifungwe kwenye chuma cha bodi kilichokwanguliwa rangi na kutu.
5. Waya wa swichi ukipita kwenye tundu la bati kuingia ndani, weka mpira usije ukakatwa na makali. Uwe mbali na ekzosi.

Swichi ichukue umeme wapi?

Hapa ndipo wengi hukosea. Swichi ikichukua umeme moja kwa moja kwenye betri, taa zinaweza kusahauliwa hadi betri ikalala. Tena ukipishana na lori na kushusha mwanga, taa za ziada zinaendelea kummulika dereva wa mbele.

Njia nzuri ni kutumia umeme wa fulu. Mguu 85 ufungwe kwenye waya mmoja wa fulu wa taa kubwa, na 86 kwenye waya wa pili, swichi ikiwa katikati ya mmojawapo. Hapo taa za ziada huwaka tu ukiwa umewasha fulu na swichi pia, na ukishusha mwanga zinazima zenyewe. Njia hii inafaa hata kwenye Toyota nyingi ambazo fulu yake hukatwa upande wa hasi. Fundi apime kwanza kujua nyaya za fulu ni zipi.

Lori na pikipiki

Malori mengi yana volti 24, hivyo rilei na taa ziwe za volti 24. Pikipiki huzalisha umeme mdogo. Chagua taa za LED za wati chache, la sivyo betri haitajaa.

Kabla ya kumlipa fundi

Washa taa kwa dakika 15 gari likiunguruma, kisha shika swichi, rilei na viungio vya waya. Vuguvugu si tatizo, lakini kinachochoma mkono kirudiwe. Shusha mwanga uone kama taa za ziada zinazima. Na fyuzi ikikatika, usiweke waya wala karatasi ya sigara mahali pake. Tafuta kilichoikata, kisha weka nyingine ya ampea zile zile.