Hesabu ya Kuondoa: Kutoka Baghdad Hadi Soko la Rumonge



Sifa zote njema ni za Allaah, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam).

Ndugu wazazi na wanafunzi, hapa Rumonge Uislamu na Kiswahili vilifika karne ya 19 kwa njia ya ziwa Tanganyika, pamoja na wafanyabiashara wa Ujiji. Mfanyabiashara haishi bila hesabu. Leo watoto wetu wanaisoma hesabu hiyo shuleni kwa Kifaransa, na wengi wanadhani haiwahusu.

Tuchukue mfano wa soko (bei ni za mfano tu). Mama wa kwanza amenunua lita 2 za mawese na kilo 3 za ndagala, amelipa faranga 41,000. Wa pili amenunua lita 2 na kilo 1, amelipa 19,000. Bei za kila kitu ni ngapi? Toa hesabu ya pili kwenye ya kwanza: mawese yanaondoka, zinabaki kilo 2 kwa faranga 22,000. Basi kilo ni 11,000, na lita ni 4,000. Kama lita zisingelingana, tungezidisha kwanza mpaka zilingane, kisha tukatoa. Hiyo ndiyo njia ya kuondoa.

Je, ni nani aliyeianzisha? Hapa tuwe waadilifu. Baadhi yetu hupenda kusema kila elimu ilianzishwa na Waislamu. Wachina walikuwa na njia hii takriban miaka 2,000 iliyopita, katika kitabu chao cha Sura Tisa, sura ya 8, wakihesabu mavuno ya nafaka. Kusifu wazee wetu kwa jambo lisilo lao si kuwaheshimu.

Waliyoyafanya kwa hakika yanatosha. Al-Khwarizmi, zama za Khalifa al-Ma’mun (813-833), aliandika kitabu cha al-jabr, na sehemu yake kubwa ni masuala ya wasia na mirathi. Baada yake Abu Kamil wa Misri aliandika Kitabu cha Ndege. Swali lake moja: bata mmoja ni dirham 5, jurawa 20 ni dirham 1, kuku mmoja ni dirham 1. Nunua ndege 100 wa aina zote tatu kwa dirham 100.

Kuku mmoja ni dirham moja, kwa hiyo ukitoa idadi ya ndege kwenye fedha, kuku wanaondoka. Kila bata amezidisha dirham 4, na kila jurawa amepunguza 19/20 ya dirham. Ziada lazima ilingane na upungufu: bata 19 wanazidisha 76, jurawa 80 wanapunguza 76. Anabaki kuku 1. Jibu jingine hakuna.

Karne ya 12 akaja al-Samaw’al wa Baghdad, kijana wa Kiyahudi aliyesilimu mwaka 1163. Katika kitabu alichokiandika akiwa na miaka 19, alishughulikia milinganyo 210 yenye visivyojulikana 10! Leo njia hii inaitwa kwa jina la Mjerumani Gauss, aliyeitumia mwaka 1810 katika hesabu za nyota, ilhali ilikuwapo karne nyingi kabla yake.

Basi wazazi, mwana akileta daftari, msimwambie kuwa hayo ni ya wazungu. Kaeni naye, mtumie mawese na ndagala. Suuratul-Mutwaffifiyn imewaonya wanaopunja vipimo. Asiyejua hesabu anaweza kupunjwa asijue, na anaweza kumpunja yatima katika mirathi akidhani ametenda haki.

Tunamuomba Allaah Atuzidishie elimu yenye manufaa, Atujaalie uadilifu katika mizani na katika maneno. Aamiyn.