Sumu Iliyofichwa Ndani ya Makome

Wengi wetu tunakaa mbali na bahari. Nchi yetu ya Kongo ina pwani fupi tu, upande wa Banana na Moanda. Pengine basi mtauliza: Habari za makome ya baharini zatuhusu nini? Zatuhusu, kwa maana zaonyesha jinsi watu walivyotafuta kwa miaka mingi sababu ya kifo kisichokuwa na alama, na jinsi walivyoipata mwishoni.

Kome ni mnyama mwenye nyumba ya vipande viwili vigumu, naye hushikamana na mawe ya pwani. Hawezi kwenda kutafuta chakula chake. Hufungua nyumba yake kidogo, huvuta maji ya bahari, huyachuja, na vitu vidogo vilivyomo ndani ya maji ndivyo chakula chake. Bahari ikipwa, mtu aweza kuokota makome kwa mikono mitupu, bila mtumbwi wala wavu. Ndiyo sababu tangu zamani yamekuwa chakula cha watu wote wa pwani, na zaidi cha maskini.

1. Kifo cha baharia Carter

Mwaka 1793 jemadari Mwingereza George Vancouver alikuwa akipima pwani ya magharibi ya nchi iitwayo leo Kanada. Tarehe 15 Juni baadhi ya watu wake, waliotumwa kwa mashua, walishuka katika ghuba ndogo, wakaokota makome, wakayala asubuhi. Baada ya muda kidogo wengine walianza kusikia ganzi usoni na katika ncha za vidole. Ganzi ikaenea mwilini, na kichwa kikawa chazunguka. Walipewa maji ya moto wapate kutapika, na wengine wakapona. Lakini baharia mmoja, jina lake John Carter, alikufa siku ile ile. Walimzika pwani. Vancouver akaiita ghuba walipomzika Carter Bay, na ile walipookota makome akaiita Poison Cove, maana yake Ghuba Ndogo ya Sumu. Majina hayo yamo katika ramani hata leo.

Miaka sita baadaye, yaani mwaka 1799, msiba mkubwa zaidi ulitokea katika Alaska, karibu na Sitka. Wawindaji Waaleuti waliokuwa wakifanya kazi chini ya Warusi walikula makome njiani, na zaidi ya watu mia moja wakafa. Mlango ule wa bahari huitwa Peril Strait, yaani Mlango wa Hatari.

2. Watu walidhani nini?

Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Wengine walisema makome yamekula shaba ya merikebu. Wengine walilaumu mwezi, wengine joto, wengine maji yaliyotuama. Mwaka 1885 watu kadhaa waliugua na wengine wakafa katika bandari ya Wilhelmshaven, Ujerumani. Huko ilionekana jambo kubwa: makome mabaya yakihamishwa nje ya bandari yalipotewa na sumu, na makome mazuri yakitiwa bandarini yalipata sumu. Kwa hiyo sumu haikuwa mali ya kome mwenyewe. Ilitoka katika maji. Lakini ni kitu gani ndani ya maji? Hilo halikujulikana.

Hata hivyo, wako watu waliokuwa wamekwisha kukaribia ukweli. Wenyeji wa asili wa pwani ya California, na hasa kabila la Wapomo, waliweka walinzi wa kutazama bahari usiku. Mawimbi yakiwaka nuru wakati wa joto kali, wazee walikataza kuokota makome kwa siku mbili. Leo twajua kwamba siku mbili hazitoshi. Lakini watu wale, pasipo vyombo vya elimu, walikuwa wameona kwamba hatari ya makome na nuru ya maji huenda pamoja.

3. Kazi ya miaka kumi

Mwezi wa Julai mwaka 1927 ugonjwa ulizuka karibu na mji wa San Francisco. Watu 102 waliugua, 6 wakafa. Karl Friedrich Meyer, bingwa mzaliwa wa Uswisi, aliyewahi kufanya kazi Afrika ya Kusini juu ya magonjwa ya wanyama, alianza uchunguzi pamoja na Hermann Sommer, bingwa wa kemia.

Njia yao ilikuwa ya subira. Waliokota makome mara kwa mara, wakatoa maji yake, wakawadunga panya wadogo. Panya akifa upesi, sumu ni nyingi. Akifa polepole, ni kidogo. Toka hapo kikapatikana kipimo cha panya: kiasi cha sumu kinachomwua panya wa gramu 20 kwa muda wa dakika 15. Papo hapo walichota maji ya bahari na kuyatazama kwa hadubini, yaani chombo cha kukuza vitu vidogo. Wakaona kwamba sumu ilipopanda katika makome, kiumbe kimoja kidogo sana kilikuwa kimezidi katika maji. Nacho ni namna ya mwani usioonekana kwa macho, wenye mikia miwili ya kuogelea, unaoshikamana kama pete za mnyororo. Uliitwa Gonyaulax catenella. Leo huitwa Alexandrium catenella. Walipokusanya mwani wenyewe, wakaona sumu ni ile ile. Mwaka 1937 walitangaza matokeo ya kazi yao. Tangu kifo cha Carter ilikuwa imepita miaka 144.

Mwaka 1957 mabingwa wa Marekani walitangaza kwamba wameitoa sumu hiyo ikiwa safi katika chaza za Alaska ziitwazo Saxidomus. Kwa jina hilo sumu ikaitwa saksitoksini.

4. Sumu yafanyaje kazi?

Mishipa ya fahamu hupeleka habari kwa kupitisha chembechembe za chumvi katika milango midogo sana. Saksitoksini huziba milango hiyo. Habari haipiti tena. Midomo hufa ganzi, mikono na miguu hulegea, na mwishowe misuli ya kuvuta pumzi husimama. Hakuna dawa ya kuiondoa sumu hiyo mwilini. Mganga humsaidia mgonjwa kupumua mpaka sumu itoke yenyewe.

Kome lenyewe haliugui sana. Tena lenye sumu halina harufu mbaya, wala ladha ngeni. Kupika hakuondoi sumu. Watu wengine walikuwa wakitia sarafu ya fedha chunguni, wakisema ikiwa nyeusi kuna sumu. Jambo hilo halina maana. Hata rangi nyekundu ya bahari si alama ya hakika, kwa sababu maji yaweza kuonekana safi na makome yakawa mabaya.

Kwa hiyo serikali nyingi huyapima makome kabla ya kuuzwa. Yakipita mikrogramu 80 za sumu katika gramu 100 za nyama, pwani hufungwa. Katika California watu hukatazwa kila mwaka kuokota makome ya kula toka tarehe 1 Mei mpaka 31 Oktoba.

5. Hatari mpya

Mwisho wa mwaka 1987, katika Kanada, watu 107 waliugua baada ya kula makome yaliyofugwa katika Kisiwa cha Prince Edward, na 3 wakafa. Lakini dalili zilikuwa nyingine: wengine walipotewa na kumbukumbu, na baadhi yao haikurudi. Mabingwa walifanya kazi usiku na mchana, na kwa siku chache waliipata sumu: asidi ya domoiki, itokayo katika mwani mwingine mdogo. Tangu hapo sumu hiyo nayo hupimwa.

Pwani ikifungwa, mvuvi hukosa fedha, na mama hukosa kitoweo. Si ajabu wakinung'unika: Jana tulikula, mbona leo tunakatazwa? Jibu ni hili: makome ya jana si ya leo, kwa maana maji yamebadilika. Jicho halioni, pua haisikii, na moto hauponyi. Hapo yafaa kumsikiliza aliyepima. Wapomo walimsikiliza mlinzi wao aliyekesha akitazama mawimbi. Na panya wa Meyer na Sommer walikuwa walinzi wa namna nyingine, kwa faida ya watu wale wale waokotao chakula chao mawe yanapokauka.