Begi Mgongoni, Kanga Ndani: Mimi na Mume Wangu Pwani ya Kilwa



Wateja wangu wengi wanapokuja kupima nguo za harusi huniuliza, "Dada, baada ya fungate twende wapi?" Nikiwaambia Kilwa wanacheka. Wao wanawaza Dubai, au hoteli ya ufukweni yenye mauwa kitandani. Mimi na mume wangu tulikwenda Kilwa kila mtu na begi lake mgongoni, siku sita, kwa boti, basi na mashua. Leo nataka niwaeleze kwa nini naona kila bibi harusi wa visiwani aijue pwani ile, hata kama hatofika. Nyingi ya nguo tunazozitia kwenye begi la bibi harusi zina historia iliyopita huko, na sehemu ya historia hiyo haisemwi mbele ya watu.

Kwanza niondoe wasiwasi. Mwanamke anayesafiri na mumewe yuko katika stara. Qur'ani inatuhimiza mara nyingi tutembee katika ardhi tutazame mwisho wa waliotutangulia. Sala tulizipunguza na kuzikusanya kama dini yetu ilivyoturuhusu wasafiri.

Kisiwa kilichonunuliwa kwa nguo

Kutoka Dar es Salaam mpaka Kilwa Masoko ni zaidi ya kilomita 300 kwa basi. Njiani unavuka mto Rufiji kwa Daraja la Mkapa, lililofunguliwa 2003. Kabla yake wasafiri walivuka kwa pantoni. Ukifika Masoko unapita kwanza ofisi inayosimamia magofu, unalipa, unapewa kibali na mtu wa kukutembeza, kisha unapanda mashua. Kisiwani si mbali, unakiona palepale ulipo.

Habari za kale za Kilwa zinasimulia kwamba mtoto wa mfalme wa Shirazi, Ali bin Hassan, alifika na majahazi yake akakitaka kisiwa. Mwenye kisiwa akakubali kuuza, bei ikawa nguo: vitambaa vya kutosha kukizunguka kisiwa kizima. Masimulizi mengine yanaongeza kwamba alimwoa na binti wa mwenye kisiwa. Hii ni hadithi ya asili, si risiti ya dukani. Habari hizohizo zinasema waliofika walimkuta tayari Mwislamu na watoto wake, na msikiti. Wachimbaji wa mambo ya kale nao wanasema watu walikuwa wakiishi pale tangu karne ya 9, kwa hiyo Kilwa haikuanza na mgeni.

Lakini mimi ni fundi cherehani, na jambo lililonikaa ni ile bei. Watu waliotunga simulizi hiyo walijua thamani ya kitambaa. Na hawakuwa wakisubiri vya kuletwa tu. Katika magofu yameokotwa vigae vya mviringo vyenye tundu katikati, vilivyotumika kusokotea uzi wa pamba. Uzi ulisokotwa palepale, karne nyingi kabla ya mashine.

Msikiti Mkuu ulituchukua saa nzima. Sehemu yake ya zamani ni ya karne ya 11, na ile yenye makuba iliongezwa baadaye, wote umejengwa kwa mawe ya matumbawe. Mbele kidogo, juu ya jabali linalotazama bahari, kuna Husuni Kubwa, kasri la Sultani al-Hassan bin Sulaiman la mwanzoni mwa karne ya 14, lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la kuogea lenye pembe nane. Utajiri huo ulitokana na biashara, hasa dhahabu iliyopandishwa kutoka Sofala, Msumbiji ya leo. Sarafu za shaba za Kilwa zilisafiri mbali mno: mwaka 1944 zilipatikana chache katika kisiwa cha kaskazini mwa Australia.

Nguo za sultani

Mwaka 1331 msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alifika Kilwa. Aliusifu mji kwa uzuri, akawataja watu wake kuwa wacha Mungu wa madhehebu ya Shafi, na sultani wake kuwa mkarimu kiasi cha kuitwa baba wa vipawa.

Akasimulia kisa. Sultani alikuwa anatoka msikitini baada ya sala ya Ijumaa. Fakiri mmoja kutoka Yemen akamzuia njiani akamwomba nguo zile alizozivaa. Sultani hakubishana. Aliingia ndani akavaa nyingine, zile akampa. Watu wakamsifu sana. Mwanawe akamfuata fakiri akazichukua zile nguo, badala yake akampa watumwa kumi. Sultani aliposikia watu wanavyoshukuru, akaamuru fakiri aongezewe watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Nilikisikia kisa hiki zamani kama mfano wa ukarimu, na ukarimu ule haukatazwi kusifiwa. Lakini nikiwa nimekaa kwenye ngazi za Husuni nilikiwaza upya. Nguo za mtu mmoja zilibadilishwa na watu kumi. Wale kumi walikuwa na mama zao, pengine na wake au waume. Msafiri hakutaja jina hata la mmoja.

Nyumba za Songo Mnara

Siku ya pili nahodha alitupeleka Songo Mnara, kusini ya Kisiwani. Magofu ya visiwa hivi viwili yaliingizwa pamoja katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1981. Mji huu ulikaliwa tangu mwishoni mwa karne ya 14 mpaka mwanzoni mwa karne ya 16, na uzuri wake ni nyumba za watu. Unapanda ngazi, unakuta pahala pa kukaa wageni, kisha vyumba kimoja nyuma ya kimoja mpaka vya ndani kabisa. Ukutani kuna vishubaka vya kuwekea taa na vyombo. Mke wa nyumba hii aliweza kusikia biashara inayofanyika barazani bila ya mgeni kumwona. Mume wangu alisema, "Hii ni nyumba ya bibi yangu Shangani." Alisema kweli. Mpango wa nyumba za mawe za Unguja una undugu na huu, na stara ya ndani ilipangwa kwa jiwe kabla ya kupangwa kwa pazia.

Wareno walipofika 1505 waliuteka mji wa Kilwa na kujenga ngome. Tangu hapo biashara ya dhahabu iliwaponyoka wenyewe, na miji hii ikaanza kufifia.

Kivinje

Kutoka Masoko tulirudi kaskazini mpaka Kilwa Kivinje. Ni mji mtulivu wa wavuvi, una nyumba kuukuu zenye milango ya nakshi na boma la Wajerumani linaloanguka. Ukipita bila kuuliza utapiga picha na kuondoka. Karne ya 19 hapa palikuwa bandari kubwa ya kutoa watumwa. Misafara ilitoka upande wa Ziwa Nyasa, watu wakitembea kwa miguu wiki nyingi, wamebeba pembe na wao wenyewe ni bidhaa. Katika miaka ya 1860 forodha ya Kilwa iliandika watumwa karibu 20,000 kwa mwaka. Wengi walipakiwa majahazini kuletwa kwetu, Unguja, kwenye mashamba ya karafuu na ndani ya majumba, mpaka Sultani Barghash alipolazimika kufunga soko la Mkunazini mwaka 1873.

Hapo ufukweni nilimweleza mume wangu jambo ambalo kwetu halisemwi. Mama wa bibi yangu hana kabila wala mji katika masimulizi yetu. Tulipokuwa watoto tukiuliza tuliambiwa tu "alikuja na jahazi kutoka Kilwa," kisha wakubwa wakabadilisha mazungumzo. Wakati wa posa, upande wa mume wangu waliuliza ukoo, na wajomba zangu walijibu kwa upande wa baba peke yake.

Mume wangu alinyamaza kidogo, akaangalia bahari. Akasema, "Basi hapa ndipo ukweni." Akanyanyua mikono tukamsomea Fatiha yule bibi, jina lake Mwenyezi Mungu analijua.

Pamba iliyong'olewa

Kivinje kuna mahali panaitwa Mwembe Kinyonga, ambapo Wajerumani waliwanyonga wapiganaji wa Maji Maji. Pana mnara wa kumbukumbu. Vita vile navyo vilianzia kwenye kitambaa. Wajerumani waliwalazimisha watu wa kusini kulima pamba kwa ajili ya viwanda vya ng'ambo, wakaacha mashamba yao ya chakula. Julai 1905, Nandete katika vilima vya Matumbi, watu waling'oa miche ya pamba, ikawa ndiyo alama ya vita. Vita viliendelea mpaka 1907. Wajerumani walichoma maghala na mashamba, na waliokufa, wengi wao kwa njaa, wanakadiriwa kuanzia 75,000 hadi 300,000. Mwenye kufa njaa kwanza ni mtoto, na mwenye kuhangaika na mtoto ni mama.

Kutoka kaniki hadi kanga

Sasa nirudi Unguja, kwenye begi la bibi harusi. Karne ya 19 vitambaa vya kawaida pwani yetu vilikuwa merikani, pamba nyeupe nzito iliyoletwa na meli za Marekani, na kaniki, ile ya buluu iliyokoza karibu na nyeusi. Mjakazi alivaa merikani au kaniki. Nguo yake ilitangaza hali yake kabla hajafungua mdomo.

Mwishoni mwa karne hiyo ilitokea kanga. Inasemekana wanawake walianza kwa kununua leso za rangi na kuziunganisha, kisha wafanyabiashara wakaagiza vitambaa vizima vyenye pindo na mji, na jina likaja baadaye. Utumwa ulipofutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, wanawake walioachwa huru waliitupa kaniki wakanunua kanga. Ilikuwa njia yao ya kusema mimi sasa ni mwenyewe. Tena amri ile ya 1897 iliwaacha nje masuria, kwa hoja kwamba hali yao ni kama ya wake. Wao walisubiri mpaka 1909. Miaka kumi na miwili zaidi, kwa sababu walikuwa wanawake ndani ya nyumba za watu.

Kwa hiyo, mdogo wangu, unapofungua begi lako ukazikuta doti za kanga, usizione ni nguo za jikoni. Kuna bibi aliyeinunua kanga yake ya kwanza kwa fedha ya jasho lake, akajifunga, akatoka nje akiwa huru.

Suala la ukoo

Nayasema haya kwenye ukurasa wa maharusi kwa sababu mpaka leo posa zinavunjika kwa minong'ono. "Asili yao hawa unaijua?" Kijana anasali, ana kazi, ana tabia njema, anakataliwa kwa ajili ya bibi wa bibi yake ambaye hakuchagua kupandishwa jahazini. Wanavyuoni wamezungumza mengi kuhusu kufu, na mimi si mwanachuoni. Lakini naijua Hadithi ya Fatima binti Qays, mwanamke wa Kikureshi aliyeposwa na watu wenye majina. Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, alimshauri aolewe na Usama bin Zaid, ambaye baba yake alikuwa mtumwa aliyeachwa huru. Hakupenda mwanzo. Alipokubali, yeye mwenyewe alisimulia kwamba Mwenyezi Mungu alitia kheri katika ndoa ile mpaka akahusudiwa.

Wazazi wetu, ulizeni dini na tabia. Na wewe unayeolewa, ukiwa na siri kama yangu, usiione ni aibu yako. Mwenye aibu ni aliyeuza na aliyenunua.

Kama mtakwenda

Chagueni miezi isiyo ya masika, barabara na bahari zitakuwa rahisi. Chukua buibui mbili nyepesi na doti mbili za kanga: kanga ni shuka, taulo, pazia la nyumba ya wageni na mswala. Tia sindano na uzi, maana kamba ya begi langu ilikatika Nangurukuru nikaishona kituoni. Maji ya kunywa bebeni ya kutosha kabla ya kwenda visiwani. Ulizeni kabla ya kupiga picha watu, na mkiyakuta makaburi yasalimieni.

Gharama yetu yote haikufika robo ya kodi ya ukumbi wa harusi mmoja mjini. Wala sisemi msifanye sherehe, nani atanishonesha? Nasema bakisheni kidogo, mtembee na waume zenu, mzungumze njiani mambo ambayo nyumbani hayapati nafasi.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliopita baharini na nchi kavu bila ya hiari yao, awatie mapenzi na huruma wanandoa wetu, na awape waume wema wale wanaosubiri. Amin.