Schuld, au Jinsi Deni Lilivyogeuka Kosa

Nilitoka chuoni mwaka wa tatu nikiwa na deni la karo na Kijerumani cha kuombea maji. Deni sijamaliza kulipa hadi leo. Na katika kile Kijerumani, neno ambalo halijanitoka kichwani ni hili: Schuld.

Schuld ni kosa, hatia. Liweke katika wingi, Schulden, yanakuwa madeni. Waholanzi wana schuld, Waswidi wana skuld, na kwao neno hilohilo linamtosha aliyekosa na anayedaiwa. Nilipoligundua hilo nilicheka, halafu nikanyamaza. Nyumbani kwetu ndivyo ilivyo. Mama hajawahi kuniuliza nilikosa nini chuoni, lakini simu ya wadai ikilia nami nisiipokee, ananiangalia kama mtu aliyeiba.

Mzizi wake ni wa kabla lugha hizi hazijaachana: kitenzi kilichomaanisha kuwiwa. Katika Kiingereza cha kale, aliyesema sceal aliweza kumaanisha "nadaiwa". Polepole kudaiwa kukawa kupaswa, kupaswa kukaelekea wakati ujao, na leo neno hilo ni shall. Should ni umbo lake la wakati uliopita. Kumbe kila should tuliyofokewa shuleni ilikuwa deni! Wajerumani nao wana sollen, "kupaswa", na kwenye daftari la hesabu upande wa debiti bado unaitwa Soll.

Waskandinavia wa kale walikwenda mbali zaidi. Katika hadithi zao kuna wanawake watatu wanaokaa kando ya kisima, chini ya mti mkuu, wakipanga majaliwa ya watu. Mmoja wao anaitwa Skuld, na ndiye anayehusishwa na yajayo. Yaani kesho yako ni kitu ambacho tayari unadaiwa. Hapo, sitadanganya, nilifunga kitabu.

Mwaka 1887 Nietzsche aliandika kwamba hatia yenyewe ilizaliwa na deni: kwanza kulikuwa na mdai na mdaiwa, dhamiri ikaja baadaye. Huyo hakuwahi kupigiwa simu na wakopeshaji wa mitandaoni, ila naona alielewa.

Usidhani ni mambo ya Wazungu tu. Kuwiwa kwetu ni kudaiwa, lakini msikilize mhubiri anaposimama na kusema amewiwa kutuambia jambo. Hadaiwi shilingi na mtu. Anasikia kwamba amepaswa. Ni safari ileile ya sceal, na hakuna aliyetuelekeza njia.

Hata Sala ya Bwana tumeigawana. Shangazi yangu Mkatoliki huomba asamehewe makosa. Mama, wa kanisa lingine, huomba asamehewe deni. Kila usiku akifika hapo hupunguza sauti, nami nikiwa chumba cha pili hungoja apite.