Ifahamu Barabara ya Bagamoyo, njia iliyozaa vitongoji vya kaskazini mwa Dar

KWA mkazi wa Tegeta, Boko au Bunju anayefanya kazi katikati ya Jiji la Dar es Salaam, siku huanza na kuishia katika Barabara ya Bagamoyo. Ndiyo inayoamua saa ya kuamka, saa ya kufika kazini na saa ya kuwaona watoto jioni.

Barabara hiyo ni miongoni mwa njia kuu zinazoingia na kutoka jijini, na sehemu kubwa ya vitongoji vya Manispaa ya Kinondoni imekua kwa kuifuata.

Inakopita

Safari kutoka mjini huanzia Barabara ya Ali Hassan Mwinyi, iliyopewa jina la Rais wa Awamu ya Pili aliyeongoza nchi kuanzia 1985 hadi 1995. Barabara hiyo huvuka mlango wa Mto Msimbazi kwa Daraja la Selander, lililojengwa kwa mara ya kwanza 1929. Kwa miaka mingi daraja hilo lilibeba peke yake mzigo wa magari ya upande huo wa pwani, hadi lilipofunguliwa Daraja la Tanzanite mwaka 2022.

Kutoka makutano ya Morocco, barabara huelekea kaskazini kati ya Kijitonyama na Mikocheni, ikipita Kijiji cha Makumbusho, zinakohifadhiwa nyumba za asili za makabila mbalimbali nchini, hadi Mwenge. Hapo hukutana na Barabara ya Sam Nujoma inayokwenda Ubungo. Mwenge pia ni maarufu kwa soko la vinyago.

Baada ya Mwenge hufuata Lugalo, Mbezi Beach, Africana, Kunduchi, Tegeta, Boko na Bunju, kabla ya kuingia Mkoa wa Pwani katika eneo la Mapinga na kuendelea hadi mji wa Bagamoyo.

Wageni wengi huichanganya na Barabara ya Bagamoyo ya Zamani, ambayo siku hizi huitwa Mwai Kibaki, jina la Rais wa tatu wa Kenya. Hiyo hupita karibu zaidi na bahari, kwa upande wa Mikocheni na Kawe.

Historia yake

Jina la barabara hiyo linakumbusha enzi ambazo Bagamoyo ilikuwa na hadhi kuliko Dar es Salaam. Ndiko ilikoishia misafara ya pembe za ndovu na watumwa kutoka bara, na ndiko Wajerumani walikoweka makao makuu ya koloni lao kabla ya kuyahamishia Dar es Salaam mwaka 1891.

Kando ya barabara hiyo pia ndipo lilipoanzia tukio lililoitikisa Tanganyika changa. Januari 20, 1964, askari wa kambi iliyoitwa Colito waliasi, wakidai nyongeza ya mishahara na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Baadaye kambi hiyo ilipewa jina la Lugalo, kukumbuka mahali mkoani Iringa ambako Wahehe wa Mtwa Mkwawa walikishinda kikosi cha Wajerumani mwaka 1891.

Upande wa Tegeta, kiwanda cha saruji cha Wazo Hill kilichoanza uzalishaji 1966 kilivuta wafanyakazi, malori na biashara katika maeneo ambayo awali yalikuwa mashamba.

Upanuzi

Kadiri vitongoji vilivyopanuka, barabara ya njia mbili ilielemewa. Kipande cha Mwenge hadi Tegeta chenye urefu wa kilomita 12.9 kilipanuliwa kuwa njia nne kwa msaada wa Serikali ya Japani, na kukamilika 2014.

Hata hivyo, foleni ilihamia Mwenge, kwa kuwa magari yaliyotoka kwenye njia nne yalikutana na barabara nyembamba. Mwishoni mwa 2015, Rais John Magufuli alifuta sherehe za Uhuru za Desemba 9 na kuagiza Sh4 bilioni zilizotengwa kwa ajili hiyo zianze kupanua kipande cha Morocco hadi Mwenge chenye kilomita 4.3. Baadaye Japani ilifadhili pia upanuzi wa kipande hicho.

Mabasi yaendayo haraka yaliyoanza huduma Mei 2016 yalifika Morocco kupitia Barabara ya Kawawa na kuishia hapo. Kuyafikisha Mwenge na Tegeta ni kazi ya awamu ya nne ya mradi huo.

Hifadhi ya barabara

Kila upanuzi huja na furaha kwa msafiri na hofu kwa mwenye nyumba. Kwa barabara nyingi kuu nchini, hifadhi ilikuwa mita 22.5 kila upande kutoka katikati ya barabara. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 na kanuni zake ziliiongeza hadi mita 30.

Tofauti ya mita hizo 7.5 ndiyo huamua hatima ya familia. Aliyejenga ndani ya mita 22.5 huhesabiwa kuwa mvamizi na huondoka bila fidia. Aliyekuwa nje ya mpaka wa zamani akajikuta ndani ya mpaka mpya anastahili kulipwa eneo lake linapotwaliwa. Ndiyo maana rangi ya alama ya X ukutani huangaliwa kwa makini: nyekundu kwa wa kundi la kwanza, kijani kwa wa kundi la pili.

Kwa anayetaka kununua kiwanja au fremu ya duka kando ya barabara hiyo, hatua ya kwanza ni kupima umbali kutoka katikati ya barabara na kuuliza ofisi ya Wakala wa Barabara (Tanroads) na ya ardhi ya manispaa kabla ya kutoa fedha. Barabara iliyowahi kupanuliwa inaweza kupanuliwa tena.