Mijusi wa Bukoba katika Nyumba ya Berlin

Mwezi wa Novemba 1890 Emin Pasha alijenga boma la Wadachi pale Bukoba. Pamoja naye alikuwa Franz Stuhlmann, mtaalamu wa elimu ya wanyama. Katika safari yao walikusanya ndege, nyoka na mijusi. Ngozi za ndege zikakaushwa, nao watambaao wakatiwa katika spiriti wasioze. Emin aliuawa Kongo mwaka 1892; Stuhlmann alirudi, na makusanyo yake yakawekwa katika makumbusho ya Berlin. Mwaka 1896 Gustav Tornier alitoa kitabu juu ya watambaao wa nchi yetu.

Sasa fikirini, wasomaji. Mjusi katika chupa ni bubu. Kinachosema ni cheti chake, yaani mahali, siku, na jina la aliyemleta. Pasipo cheti, ni mzoga tu. Lakini jina lililoandikwa ni la bwana. Mwenyeji aliyemkamata na mpagazi aliyemchukua hadi pwani, kwa desturi hawakuandikwa.

Basi tuwafundishe watoto wa Buganguzi kuandika: kenge ameonekana wapi, lini, na nani amemwona. Mali bila daftari hupotea bila habari.